Geuza Kigoda Tuone Chini

Jumamosi jioni siku hizi simu hujaa fanicha. Katikati ya picha za harusi na za watoto waliomaliza chekechea inachomoza rafu ya viatu iliyopakwa vanishi muda si mrefu, kitanda cha mbao za paleti kilichotandikwa shuka jeupe, meza ya kahawa yenye miguu ya nondo. Chini yake kuna maneno machache: kazi ya mikono yangu. Pongezi zinamiminika. Wawili watatu wanauliza bei, mmoja anaomba namba ya fundi, na mwenye picha anajibu kwa madaha kwamba fundi ndiye yeye. Kesho yake picha imeshaondoka, na kila ambacho mwenzake angejifunza kimeondoka nayo.

Sina ugomvi na madaha hayo. Mtu anayeshinda ofisini wiki nzima, halafu Jumapili akasimamisha kabati ambalo milango yake inafunga sawasawa, ana haki ya kujitapa kidogo. Ugomvi wangu ni na picha. Karibu zote hupigwa kwa mbele, juu kidogo, taa ikiwaka na vumbi likiwa limeshafutwa. Hapo unaona rangi tu. Huoni mguu umeshikana vipi na kikalio, ubao wa juu umefungwa kwa nini, wala pale ambapo kipimo kilikataa kikapachikwa kipande kuziba pengo. Mambo hayo yote yako chini. Ombi langu kwa wanaochonga nyumbani ni dogo: mkishapiga picha ya kigoda, kigeuzeni miguu juu, mpige na ya pili. Hiyo ya pili ndiyo inayofundisha.

Zamani isiyo ya mbali sana, kila nyumba ya shamba ilikuwa na mtu anayejua kuchonga mpini. Hakuitwa fundi wala hakulipwa. Mpini wa jembe ukivunjika asubuhi, jioni uwe umepatikana mwingine, maana mvua haisubiri. Mwiko, mchi, kibao cha kusukumia chapati, kitanda cha miti kilichosukwa kwa kamba, vyote hivyo vilitoka uani. Mtoto alijifunza kwa kuambiwa shika huku, na kwa kushika huku aliona kila kitu, kuanzia mti ulivyochaguliwa mpaka pale uliposuguliwa mwisho kwa kigae cha chupa.

Mji uliivunja desturi hiyo kwa sababu iliyo wazi. Ukiwa Dar es Salaam, na Keko ipo, pamepangwa vitanda na makabati kando ya barabara, kujitesa kwa nini? Nairobi wana Gikomba na mafundi wa pembezoni mwa Ngong Road. Maseremala hao kazi wanaijua na bei zao zinazungumzika. Shule nazo zimejaribu, kwa vipindi. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka mwanafunzi atumie mikono pamoja na daftari. Kenya ilipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, ufundi wa mikono uliingia hadi shule ya msingi, na wapo Wakenya wa makamo wanaocheka hadi leo wakikumbuka vigoda walivyopeleka kusahihishwa. Tanzania sasa ina mkondo wa amali katika sekondari. Haya ni mema, ingawa mtoto anayejifunza kuchonga kwa ajili ya maksi mara nyingi huiacha randa siku ile ile matokeo yanapotoka.

Kilichowarudisha watu wazima kwenye mbao, kwa maoni yangu, ni mambo mawili tu. La kwanza ni drili ya betri. Kutoboa na kukaza skrubu mia kwa bisibisi ya mkono ni kazi ya kuchubua kiganja. Kwa drili ndogo, mtu asiyewahi kushika nyundo anaimaliza kabla ya chakula cha mchana. La pili mafundi watanisamehe: ukishatoa advansi, kitanda chako huweza kukaa "kwenye vanishi" wiki tatu.

Na si wanaume peke yao. Picha nyingi nzuri ninazoziona zimetoka kwa kina mama waliochoka na meza za jikoni zilizopimwa kwa urefu wa aliyezitengeneza, si wa anayezitumia. Mwenye kukata mboga kila siku anajua meza imfike wapi, na huo ni ujuzi usiopatikana karakana yoyote.

KWENYE DUKA LA MBAO

Ukweli ni kwamba kazi nyingi za nyumbani huharibikia dukani, kabla msumeno haujashikwa. Anayeanza huenda Buguruni au duka lililo karibu na kwake akiwa na mchoro kwenye karatasi, akaagiza moja kwa nane nne na mbili kwa mbili sita, akalipa, akapandisha kwenye bajaji. Akifika nyumbani anagundua mbao nne hazina unene mmoja.

Kuna sababu, na inaanzia mbali. Mbao laini zinazojaza maduka ya mijini ni za msonobari, au paini kama wengi tunavyoita, na nyingi hushuka kutoka Nyanda za Juu Kusini: Mafinga, Njombe, Makete. Mufindi ndiko liliko Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya kupandwa ya serikali, lililoanza kwa majaribio mwaka 1939. Kuzunguka eneo hilo wapo wakulima wengi wenye ekari mbili tatu za miti. Paini inayosubiriwa miaka 18 au zaidi hutoa ubao mtulivu. Lakini mkulima mwenye ada ya shule inayodaiwa Januari hawezi kungoja miaka hiyo yote. Mnunuzi akija, miti inakwenda ingali michanga. Mbao za mti mchanga zina vifundo vingi, na zikikauka hupenda kujisokota. Halafu gogo linapasuliwa porini kwa mashine ndogo ya kuhamishika, wenyewe huiita dingdong, ambayo msumeno wake hula sehemu kubwa ya gogo kuwa vumbi na hauendi kwenye mstari mmoja. Ubao ule ule unaweza kuwa na inchi kamili kichwani na robo pungufu mkiani.

Kwa hiyo inchi moja ya dukani ni jina la ubao zaidi ya kuwa kipimo chake. Nenda na tepu. Pima unene mwenyewe, sehemu tatu za ubao; mwenye duka akikutazama kwa jicho baya mwache atazame. Kisha inua ncha moja mpaka usawa wa uso, nyingine ikae chini, fumba jicho moja na uufuate ukingo kwa jicho la pili kama mtu anayelenga shabaha. Ubao uliopinda kama upinde bado unaweza kukatwa vipande vifupi ukafaa. Uliobonyea katikati ya upana wake utanyooshwa na randa, japo utabaki mwembamba. Ule uliojisokota, kona moja ikiinuka unapoulaza sakafuni, urudishe. Hakuna skrubu itakayoutuliza. Utaivuta meza nzima iufuate.

Tazama na kichwa cha ubao, pale ulipokatwa. Utaona mistari ya duara ya miaka ya mti. Ukikuta kitovu cha duara hizo kimo ndani ya ubao, ujue umepewa moyo wa gogo, na hapo ndipo mpasuko utakapoanzia. Mwisho linganisha uzito. Mbao mbili za ukubwa mmoja, moja nzito kama imelowa, basi imelowa kweli.

Habari ya maji inastahili kukaliwa kidogo, kwa kuwa ndiyo inayowaliza wengi. Ubao haupungui ukubwa mara tu unapoanza kukauka. Maji ya kwanza kutoka ni yale yaliyojaa kwenye matundu yake, na ubao unabaki vile vile, unapungua uzito tu. Ni pale maji yanaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu ndipo nyuzi zenyewe zinaanza kusinyaa. Husinyaa kwa upana na unene. Kwa urefu, karibu si kitu. Mtu akiunganisha mbao tano mbichi kuwa uso wa meza leo, baada ya miezi kadhaa ataweza kupitisha sarafu katikati yake. Ataona gundi ni feki. Gundi haina kosa.

Mafundi wa zamani walikuwa na kanuni ya mwaka mmoja wa kuanika kwa kila inchi ya unene. Paini hukauka upesi kuliko hivyo, na hakuna mtu wa mjini mwenye mwaka wa kungoja rafu ya viatu. Ila wiki chache kibarazani zinawezekana: panga mbao kivulini, weka vijiti vyembamba kati ya ubao na ubao ili upepo upite, tia kitu kizito juu. Siku ya kuziranda utaona tofauti kwenye maranda.

Hata ubao mkavu haujamaliza safari. Hewa ya Tanga ina unyevu, ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kavu, na samani hupumua hewa ya mahali ilipo. Meza iliyoundwa Tanga ikahamia Dodoma na mtumishi wa serikali itajibana. Kama uso wake umekazwa kwa skrubu pande zote bila nafasi, utapasuka, tena kwa mlio unaosikika usiku. Dawa yake ni ndogo na haionekani kwa mbele: tundu la skrubu kwenye fremu hutobolewa refu kidogo, kufuata upana wa meza, ili skrubu isogee na ubao. Nani ataijua kama picha ya chini haipo?

Kuhusu mbao ngumu nitasema machache. Mninga, mkongo na mvule ni mbao za watu wenye mkono uliokwisha kuzoea. Kujifunzia msumeno kwenye mninga ni kuchezea mti uliokua miongo mingi na fedha zako pamoja. Mtiki wa Longuza kule Muheza au wa bonde la Kilombero ni mzuri, na kwa bei hiyo utaheshimu kipimo utake usitake. Mara nyingine hazina iko nyumbani: mfenesi ulioangushwa kupisha ukuta una mbao ya manjano iliyo nzuri kuliko watu wanavyodhani. Mwembe nao unafaa, ila uwahi, maana bungua wanaupenda kuliko wewe.

Jambo moja la hatari. Mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi kilichofifia zinazouzwa kwa ajili ya kenchi na nguzo, aghalabu zimetiwa dawa yenye shaba, kromu na aseniki. Marekani iliziondoa kwenye matumizi mengi ya majumbani kuanzia mwisho wa mwaka 2003. Kwenye paa hazina tatizo. Kibao cha kukatia nyama, kitanda cha mtoto, kihori cha kulia ng'ombe, hapana. Na vipande vinavyobaki visiingie jikoni kuwa kuni. Aseniki haiungui, inabaki kwenye moshi na majivu.

MBAO ZA BANDARINI

Paleti ndizo zilizowaingiza vijana wengi kwenye useremala wa nyumbani, na miji ya bandari kama Dar es Salaam na Mombasa haiishiwi nazo. Mizigo inakuja juu yake, mizigo inaondoka, paleti zinabaki kwenye maghala na maduka ya vigae. Watu wanazibandua na kutoa makochi ya kibarazani, vitanda, rafu za maua.

Kabla hujapiga mtaimbo, zungusha paleti utafute muhuri uliochomwa kwa moto au kupigwa wino ubavuni. Paleti inayovuka mipaka ya nchi hutakiwa kutibiwa ili isisafirishe wadudu wa miti, chini ya kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 2002. Utaona alama ya shuke la ngano, herufi mbili za nchi ilikotibiwa, namba ya kiwanda, kisha herufi za tiba. Ukisoma HT, mbao zilipashwa moto mpaka kiini kikafika nyuzijoto 56 kwa dakika 30 mfululizo, hizo chukua. Ukisoma MB, zilifukizwa kwa methili bromaidi, gesi ya sumu. Hizo waachie wenyewe. Muhuri, hata hivyo, hauelezi kilichomwagika juu ya paleti baada ya kutibiwa. Doa la mafuta au harufu ya dawa ya kilimo ni sababu ya kutosha kuiacha hata kama HT imeandikwa kwa herufi za dhahabu.

Kubandua ni kazi. Misumari ya paleti ina mizunguko kama skrubu, imetengenezwa isitoke. Anayepigana nayo kwa nyundo ya kucha atapasua nusu ya mbao. Wazoefu huingiza msumeno wa chuma kati ya ubao na mhimili, wakakata msumari wenyewe, kichwa kikabaki ndani ya ubao kama kitone cheusi. Kitone hicho wengine wanakiona urembo. Mwenye mashine ya kuranda mtaani anakiona tofauti: kipande kimoja cha chuma kikipita kwenye visu vyake, siku yake imeharibika. Mwambie mapema, tena pitisha sumaku mwenyewe kabla ya kumpelekea.

VIUNGO

Kigoda kinachocheza kina kisa kimoja karibu kila mara. Miguu imesimamishwa, kikalio kikawekwa juu, misumari minne ikapigwa kutoka juu kuingia kwenye kichwa cha kila mguu. Msumari au skrubu ikiingia kwenye kichwa cha ubao inapita sambamba na nyuzi, na nyuzi zinaiachia upesi. Ikiingia ubavuni inazikata nyuzi, nazo zinaing'ang'ania. Ndiyo sababu seremala huchonga ulimi kwenye mguu na tundu kwenye fremu, mmoja ukaingia ndani ya mwingine, na skrubu ikabaki msaidizi. Asiyeweza kuchonga ulimi na tundu bado ana njia: kipande cha pembetatu kwenye kila kona, kikazwe pande zote mbili. Pembetatu haikubali kusukumwa. Mstatili bila pembetatu unalala taratibu kuelekea upande mmoja mpaka siku mgeni mnene anapokaa.

Neno kuhusu skrubu nyeusi za jipsamu, ambazo mafundi na sisi wengine tunazitumia kwa kila kitu kwa sababu ni rahisi na zimejaa kila duka la vifaa. Ziliundwa kushika bodi ya dari. Ni ngumu lakini zina ubaya wa kukatika ghafla zikivutwa ubavuni, na mguu wa kiti huvutwa ubavuni kila anayekalia anapoegemea. Kitanda kilichofungwa kwa hizo kitalia kwanza, kisha kitashuka.

Gundi nyeupe ya mbao ina nguvu kuliko watu wanavyoipa. Ubao wa paini ukiunganishwa vizuri ukingo kwa ukingo, ukiuvunja utapasuka pembeni ya gundi. Sharti ibanwe mpaka ikauke. Vibano vya dukani ni ghali, na hapa ndipo napenda akili ya mafundi wetu: tyubu kuukuu ya baiskeli hukatwa utepe mrefu, ukazungushwa mara nyingi kuuzunguka mguu na fremu, kila mzunguko ukiongeza mkazo. Hubana hata umbo la mviringo ambalo kibano cha chuma hakiliwezi. Kabla gundi haijashika, pima kutoka kona hadi kona ya mkabala, kisha kona mbili zilizobaki. Vipimo viwili vikilingana, fremu iko mraba. Visipolingana, sukuma kona za kipimo kirefu kwa kiganja, upime tena. Kuna watu wamefanya kazi hii miaka bila kujua kipimo hicho, na kabati zao zote zina mlango mmoja unaokwaruza.

Kama mtu ataniuliza aanze na nini, nitamwambia mbuzi ya kukunia nazi. Ni chombo kidogo, hutumika kila siku pwani nzima, na kinamfundisha aliyekiunda mambo yote niliyoyataja. Miguu yake hupishana na kukunjika. Ulimi wa chuma wenye meno umetokeza mbele, nje ya miguu, na mkunaji anaposukuma kifuu chini kwenye ncha hiyo, kila msukumo unataka kuipindua mbuzi iende kifudifudi. Kinachoizuia ni uzito wa aliyekaa. Maana yake urefu wa ulimi na mahali pa kukaa vinahusiana: ukiurefusha ulimi kwa vidole vitatu, mtu mwembamba atakuna nazi huku akinyanyuka. Chuma kikishikizwa kwa misumari kitalegea ndani ya mwezi, kwa sababu kinasukumwa na kuachiwa mara nyingi mno kwa nazi moja. Kinataka bolti mbili zilizopita mpaka chini, zenye nati na washa pana. Ulimi wenyewe mpelekee mhunzi. Hakuna aibu hapo. Hata seremala mkubwa hununua bawaba.

Wazo la kugawana bure ujuzi wa namna hii lina historia yake. Mwaka 1974 mbunifu wa Italia, Enzo Mari, alitoa michoro 19 ya meza, viti, vitanda na rafu zinazoundwa kwa mbao za kawaida na misumari tu. Aliyetaka alilipia stempu, akatumiwa. Watu binafsi waliruhusiwa kuunda watakavyo. Viwanda na wafanyabiashara hawakuruhusiwa. Aliomba kitu kimoja, wamtumie picha za walichokiunda, hasa pale walipobadilisha mchoro wake. Alitaka mtu apige msumari, aone meza ikiyumba, aweke mwenyewe ubao wa mshazari, na kuanzia siku hiyo asidanganywe tena dukani kuhusu kiti kizuri na kibaya. Miaka ya 2010, vijana wakimbizi kutoka Afrika Magharibi walioko Berlin waliunda viti kwa michoro hiyo hiyo na kuviuza kwa ruhusa yake, vingine vikiwa na vipande vya mbao za mashua zilizowafikisha wahamiaji Lampedusa. Mari alifariki mwaka 2020. Sisemi tumwige; viti vyake vingine, kusema kweli, vinaumiza mgongo. Lakini aliomba picha zilizo sahihi.

Tukitaka kufaidiana, picha ya chini iende na maneno machache: mbao gani na ilinunuliwa ikiwa kavu au mbichi, vipimo vyake halisi baada ya kuranda, skrubu za ukubwa gani, na bei kwa jumla ukijumlisha bajaji na msasa. Na baada ya miezi sita, taarifa ya pili. Hii ya miezi sita ndiyo adimu kabisa. Kila mtu huonyesha chombo siku kilipozaliwa. Sijaona wengi wakionyesha siku mguu ulipoachia, na hapo ndipo wote tungejua ni gundi ipi ya kununua na ipi ya kuacha.

Wapo wanaoogopa kwamba tukigawana vipimo tutawanyima mafundi riziki. Nimeona kinyume chake. Aliyewahi kuhangaika na droo moja mpaka usiku hatabishana tena bei ya droo sita. Isitoshe, mtu wa nyumbani hana mashine ya kuranda wala msumeno wa meza. Anapeleka mbao zake kwa fundi wa mtaa, analipa kwa futi, anapewa ushauri bure, na akishindwa na milango anamwachia fundi huyo huyo. Anachokipoteza fundi ni mteja asiyejua kutofautisha paini na mkongo baada ya kupakwa rangi. Mteja wa namna hiyo kumpoteza si hasara kwa fundi mwaminifu.

Vumbi lisisahaulike. Mwaka 1995 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. MDF ina gundi ya fomaldehidi ndani yake, kwa hiyo vumbi lake ni la kuogopa mara mbili. Vaa barakoa, katia uani, na sebule waachie watoto na katuni zao.

Mwisho kuna suala la mpangaji, na wengi wetu ni wapangaji. Mwenye nyumba hataki tundu ukutani, hivyo rafu lazima isimame kwa miguu yake, na pia iweze kuhama. Kitanda kilichogundishwa na kupigwa misumari ni kizuri mpaka siku ya Kirikuu kuja kubeba vyombo. Ubavu wa kitanda uunganishwe na kichwa chake kwa bolti, mbili kila kona, nati zikae ndani zisikwaruze mguu, na kila kiungo kiandikwe herufi kwa penseli sehemu isiyoonekana ili kesho usichanganye kulia na kushoto. Kabati refu lijengwe vipande viwili, kimoja kikae juu ya kingine. Na kabla ya kukata ubao wa kwanza pima mlango wa chumba, kisha kona ya korido, kisha ngazi, kwa sababu mjini hapa yapo makabati mazuri yaliyoundwa sebuleni na kuachwa humo humo, mpangaji mpya akayakuta na kudhani ni ya mwenye nyumba.